Chupa Mbili za Mvinyo Mtamu kwa Mzee Liang

Bukoba

Kila mmoja wenu amenipigia simu akitaka nimsimulie ilivyokuwa, na kila nikifika penyewe, ama mtandao unakata ama mtu anaingiliwa na mteja dukani. Basi nimeandika. Mkishasoma, niacheni nipumzike. Ya viza na tiketi siyagusi, maana hayo hakuna aliyewahi kuyasimulia msikilizaji akabaki macho.

Chanzo mnakijua. Deo, mtoto wa kaka yangu Byabato, ambaye nimemlea mimi tangu mama yake alipofariki, yuko Guangzhou anasomea mambo ya udongo. Huko akapata mchumba, binti wa Kichina anayeitwa Jia, akamfundisha na Kiswahili. Kaka hakutaka kusikia. Mimi ndiye niliyekaa naye nikambembeleza mpaka akalegea, na alipolegea akatoa sharti: posa iende kwa taratibu zetu, aipeleke shangazi mtu, na baba wa binti anywe kinywaji chetu.

"Akinywa, ni mkwe wangu," alisema. "Kikirudi hata kikombe kimoja, Anastazia, mambo yamekwisha, na jina hilo nisilisikie tena humu ndani."

Kwetu kinywaji cha posa ni rubisi, na rubisi ni pombe ya ndizi isiyojua kutulia. Ukiifunga kwenye chupa inavimba. Ukiipandisha ndege itapasuka iwaogeshe abiria wote. Wazee wa ukoo walikaa kikao kizima juu ya jambo hilo, na mmoja wao, mtu mzima na mvi zake, akapendekeza tupeleke soda. Hapo nikaona niseme.

Mnamkumbuka Mama Eleni, yule Mgiriki aliyekuwa akija kila mwaka kutibu watu macho na kufikia kwangu. Kila akija alileta mvinyo wa kwao, mwekundu, mtamu, unaoitwa mavrodafni. Ukiumimina ni mweusi kama kahawa, na unanukia zabibu kavu na ndizi iliyoiva mpaka ganda likasinyaa. Wameutia nguvu kidogo wakati wa kuutengeneza, kwa hiyo ukiufungua leo hauchachi kesho. Lakini una masharti kuliko bibi harusi. Mama Eleni alinifundisha nisiuweke karibu na samaki, wala pilipili, wala tangawizi. Wenyewe unataka jozi na karanga, tini kavu, chokoleti chungu, jibini ya chumvi yenye harufu kali, nyama ya kubanika iliyopakwa kitu kitamu. Mimi kwa ualimu wangu wa sayansi kimu nikaongeza ya kwetu mawili: ndizi gonja za kuchoma, na senene, wale panzi wetu, wa kukaanga wenye chumvi.

Wazee wakaonja. Wakatazamana, wakaonja tena kuhakikisha, na kabla hawajahakikisha mara ya tatu nikaiondoa chupa. Wakapitisha kwamba mvinyo huo ni ndugu wa rubisi aliyesoma Ulaya. Nilikuwa nimebakiwa na chupa mbili. Nikazifunga kwenye vitenge, moja ya baba wa binti na moja ya upande wa mama yake, nikaziweka katikati ya begi na kopo la senene, kahawa yetu ya kutafuna, na biskuti nilizooka mwenyewe.

Addis Ababa, bila kupenda

Ndege ya kututoa Bukoba haikuruka kwa sababu ya mvua, na iliporuka, ile ya kututoa Dar es Salaam ilikuwa imeshatuacha. Nikafika Addis nikiwa nimechelewa, nikakimbia kwenye zile korido na miguu yangu hii, nikafika mlangoni nikaambiwa ndege haijaja kabisa. Tulikaa hapo kutwa nzima. Wakatupa injera asubuhi na injera mchana. Sina neno na injera, lakini ile ya mchana ilikuwa na mchuzi wa pilipili uliomfanya jirani yangu, mfanyabiashara wa Kampala, alie waziwazi.

Huyo bwana aliniuliza naenda kununua nini Guangzhou. Nikamwambia naenda kuposa. Akanitazama kwa muda, kisha akaniuliza kama bei zake ni nzuri.

Nilifika Guangzhou. Begi halikufika. Nilisimama mbele ya ule mkanda unaozunguka mpaka likabaki sanduku moja la mtu mwingine likipita na kurudi. Deo alikuwa nje na maua, na kitu cha kwanza alichosikia kutoka kwa shangazi yake baada ya miaka yote hiyo ni, "Chupa zimepotea." Akasema, "Shikamoo, Shangazi." Nikamwitikia, lakini kwa shida.

Begi lilikuja siku iliyofuata, limeletwa mpaka mlangoni na kijana wa pikipiki ya umeme, na lilikuwa linanuka. Nilikaa chini. Deo alilifungua yeye, mimi nimefumba macho. Kumbe lililomwagika ni mafuta ya senene. Chupa zilikuwa salama ndani ya vitenge, vitenge ndivyo vilivyokwisha.

Xiaobei

Deo anaishi Xiaobei, mtaa ambao ukisimama nje dakika chache unasikia Kiswahili cha Unguja, cha Nairobi na cha Lubumbashi, na wote wanalalamika bei ya kontena. Anachangia nyumba na Suleiman, Mzanzibari mwenye ofisi yake katika lile jengo refu la wafanyabiashara, Tianxiu. Suleiman ni mtu wa adabu zake. Alinipisha chumba chake akalala sebuleni, akanipikia wali na mchuzi wa nazi ya kopo, akaniita shangazi kama kwamba amezaliwa kwetu. Kisha akaziona chupa.

"Shangazi, nisamehe," alisema. "Wewe hapa ni kwako, kaa mwaka mzima ukitaka. Lakini hao wenzio wawili hawalali ndani mwangu. Mie nasali humu."

Angekuwa mkorofi ningegombana naye. Alikuwa na haki, na alikuwa mpole, na hakuna kinachochosha kama mtu wa namna hiyo. Nikauliza zitalala wapi. Akafikiri kweli, akatoka, akarudi, akasema nje ya dirisha la jikoni kuna kijukwaa cha kuwekea mashine ya kiyoyozi. Nikaziweka. Baada ya chakula nikaenda kuzichungulia nikakuta ile mashine inazipulizia joto lote la nyumba. Mvinyo umevumilia safari kutoka Ugiriki, umekaa Bukoba, umepotea Addis, unakuja kupikwa dirishani na kiyoyozi. Nikamwamuru Deo azichukue akazifungie kwenye kabati lake chuoni. Akaenda nazo mgongoni, analalamika njia nzima kwamba profesa wake atamwonaje.

Siku zilizobaki kabla ya posa nilizitumia kutafuta vyakula. Nilimweleza Deo wazi: mzee akipewa mvinyo huu pamoja na kitu kisichopatana nao, atakunja uso, na akikunja uso nitawaambia nini nyumbani? Tukaenda sokoni. Nikaomba jozi, nikazipata, nzuri sana. Nikaomba jibini ya chumvi.

"Meiyou," akasema mwenye duka, yaani hakuna.

Nikaenda la pili, meiyou. La tatu, yule mama hata hakungoja nimalize. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni: jiji lenye kila kitu duniani, wanauza mpaka mijusi iliyokaushwa, jibini hawana. Nikanunua chokoleti, ikayeyuka mkobani kabla hatujafika nyumbani.

"Shangazi, tulia basi," Deo alisema. "Chakula watapika wao. Laobani mwenyewe anapenda sana kula."

Laobani ndivyo anavyomwita baba mkwe wake mtarajiwa, kama vijana wote wa pale wanavyomwita kila mwenye karakana. Nikamwambia huwezi kumwita baba mkwe bosi. Akasema anajizoeza.

Xintang

Jumapili tukaenda Xintang, kwao Jia, kwa treni ya chini ya ardhi. Pale mlangoni kila begi linapita kwenye mashine, na askari kijana akaziona chupa zangu. Akazitoa. Akanionyesha kwa mkono kwamba ninywe kidogo, kama wanavyowaambia wenye chupa za maji, ajue si petroli. Nikamwambia kwa Kiswahili safi kwamba posa haifunguliwi stesheni. Akarudia ishara. Nikarudia maneno. Nyuma yetu foleni ikarefuka, Deo akabembeleza kwa Kichina, mwenzake askari akaja akakagua vizibo, akatuonyesha twende zetu. Nilipanda treni na hasira zangu, na safari yenyewe ni ndefu.

Xintang ni mji wa jinzi. Unakutana na jinzi kwenye mikokoteni, kwenye pikipiki, zimefungwa marobota mpaka usimwone dereva. Mzee Liang, baba yake Jia, ana karakana ndogo chini na nyumba juu. Tulimkuta mlangoni, mtu mfupi mwenye nyusi nene, ameshika themosi ya chuma iliyobonyea ubavuni. Alikuwa akiinywa hiyo themosi kila baada ya maneno mawili. Nikamuuliza Deo kwa siri kama mzee ni mgonjwa. Akasema ni chai tu, haachani nayo hata akienda kuoga.

Jia alitoka ndani akapiga goti pale pale kwenye sakafu iliyojaa nyuzi za buluu. "Kasinge, waitu," akaniamkia kwa Kihaya chetu, kwa sauti ya mtu aliyejifunza wiki nzima. Hapo, niseme kweli, macho yalinilowa. Nilipanga kumpima huyo binti na nikashindwa kabla sijaanza.

Tukapanda juu. Nilisimama rasmi, nikatoa hotuba fupi ambayo Jia aliitafsiri ikawa ndefu, nikampa mama yake vitu vyote kwa mikono miwili: chupa, kahawa, biskuti. Mama akavipokea kwa mikono miwili, akainama, akavipeleka chumba cha ndani, akafunga mlango.

Nikangoja. Kwetu, kinywaji cha posa hufunguliwa mbele ya macho ya aliyekileta. Aliyekileta huonja kwanza, kuonyesha hakina sumu, kisha baba wa binti hunywa, na watu wakapiga vigelegele. Mimi nimekaa pale koo limekauka nangoja kuonja, na mlango umefungwa.

Chakula kikaja kwenye meza inayozunguka. Kamba wa kuchemsha. Kuku na tangawizi. Samaki mzima wa mvuke na tangawizi juu yake. Nilitazama ile meza ikizunguka nikaona ni kama Mama Eleni aliwaandikia orodha ya vyote alivyokataza na wao wakavipika kwa upendo. Mzee Liang akaninyofolea shavu la samaki akaniwekea, kisha lile shavu la pili. Akatoa pombe yake mwenyewe ya mchele, kali, katika vikombe vidogo. Yangu haikutajwa.

Nikaona nijiongeze. Nikafungua kopo la senene nikaliweka mezani, nikitumaini mtu atasema, hawa wanahitaji kinywaji kitamu. Mama akasogeza kiti nyuma. Lakini Mzee Liang akachukua mmoja, akamtazama, akamtafuna taratibu na macho yamefumba. Jia akaniambia baba yake utotoni alikula mende wa majini wa kukaanga, na tangu wawe adimu hajafurahi hivi. Akawamaliza senene wangu wote kwa pombe yake ya mchele. Walikuwa senene wa mvinyo.

Wakati wa kuondoka mama akatoka chumbani na mfuko mwekundu, akanipa kwa tabasamu. Nikachungulia. Ndani mlikuwa na machungwa, nusu ya biskuti zangu, nusu ya kahawa yangu, na chupa moja ya mvinyo, haijafunguliwa, bado imefungwa kwenye kitenge chenye mafuta ya senene.

Nilishukuru. Sijui nilishukuru kwa mdomo gani.

Xiaobei tena

Ndani ya treni niliupakata ule mfuko. Deo alijua, kwa sababu yeye ni mtoto wa kwetu na anajua maana ya posa kurudishwa. Alikuwa ameegemea mlango anatazama nje, na nje ya treni ya chini ya ardhi hakuna cha kutazama.

"Labda ni adabu tu," alisema mwishowe.

"Adabu gani ya kurudisha? Umemuuliza Jia?"

"Nimuulizeje, Shangazi? Nimwambie baba yako amenikataa na wewe ulikuwepo unatabasamu?"

Suleiman alifungua mlango, akauona mfuko, akaiona shingo ya chupa. Akasahau hata kuniambia niiache nje. "Wamerudisha?" aliuliza. Akakaa. "Kwetu Unguja posa ikirudi ndiyo basi, hakuna mjadala. Wallahi, pole, Shangazi. Miaka yote nafanya biashara na watu hawa, nimeuziwa na nimekataliwa, lakini hawakunirudishia nusu."

Kaka Byabato akapiga simu. Sikupokea. Akapiga tena. Niliitazama simu inavyotetemeka juu ya meza nikahisi uchovu ambao sijawahi kuuhisi. Kilichoniuma hakikuwa aibu yangu. Nilimjua kaka. Angelifunga jambo lile kama anavyofunga mlango, na Deo asingemwacha yule binti, na mtoto niliyemlea asingekanyaga tena nyumbani. Nilikuwa nimesafiri nusu ya dunia kwenda kumpoteza.

Ndipo Deo akapata ujumbe. Jia anasema baba yake kesho atakuja mjini, anatualika kunywa chai ya asubuhi. Nikasema siendi. Kisha nikasema naenda, na ile chupa naenda nayo, na atanieleza mwenyewe.

Chai ya asubuhi

Ukumbi wa chai ulikuwa umejaa wazee wenye magazeti na kelele kama mnada. Mzee Liang alikuwa amekaa na themosi yake pembeni, ingawa meza ina birika la chai. Mama hakuja. Nilipommiminia chai, maana nimefunzwa adabu hata nikiwa na hasira, akagonga meza kwa vidole viwili. Nikammiminia tena baadaye, akagonga tena. Nikaweka birika chini.

"Jia, mwanangu," nikasema, "mwambie baba yako mimi si mhudumu wa kugongewa meza."

Jia akaona haya, akaeleza kwamba kule kugonga ni kusema asante. Sawa. Lakini nilikuwa nimeshaanza, na nikianza mnanijua. Nikaiweka chupa katikati ya vile vikapu vya mvuke.

"Mwambie hivi. Kwetu mtu akirudisha posa amekataa. Kama hamtaki kijana wangu, angeniambia usoni, si kunifungia kwenye mfuko na machungwa."

Jia aliacha kutafsiri katikati. Akamtazama Deo. "Wewe ulifikiri hivyo tangu jana?" alimuuliza kwa Kiswahili. Deo akatazama kikombe chake. Kisha Jia akamalizia kumtafsiria baba yake, na mzee akaweka vijiti chini. Akaanza kusema taratibu, akimtazama Jia, si mimi.

"Baba anasema," Jia akaanza, sauti yake ndogo, "kwetu ukiletewa zawadi za binti, unarudisha nusu. Anayebakiza vyote, watu wanasema ameuza mtoto. Anasema mimi siuzwi. Anasema nusu ni yake, nusu ni ya baba yake Deo, kwa sababu sasa ni nyumba moja. Ile yake ameiweka mpaka siku ya harusi. Hawezi kufungua kitu kizuri siku ya kawaida."

Mmewahi kubeba hasira nzito mahali, mkafika mkakosa pa kuitua? Nilikaa nayo. Nilitaka kucheka na nilitaka kumkung'uta mtu, na mtu mwenyewe hakuwepo.

Mzee akaendelea. Jia hakutafsiri mara moja. Baba yake akarudia.

"Anauliza," akasema, "huko kwenu, nikiumwa, mama yangu hayupo, nani atanipeleka hospitali?"

Kumbe wote tulikuwa tumelala na hofu moja. "Mimi," nikasema. "Mwambie ni mimi. Huyu pia nilimpeleka mimi, kila alipoumwa."

Hakuhitaji tafsiri ndefu. Akagonga meza kwa vidole viwili, na safari hii sikuwa nimemmiminia kitu.

Nikamweleza basi na la kwetu: kwamba nimeelewa, nashukuru, lakini kaka yangu hatasikia habari ya nusu mpaka asikie kwamba yeye amekunywa. Mzee akatazama chupa, akatazama saa ya ukutani, asubuhi yote hiyo, akacheka kwa mara ya kwanza. Akasema ifunguliwe.

Ifunguliwe na nini? Mhudumu hakuwa na kifungulio. Akaleta mkasi. Akaleta kisu cha matunda. Mzee wa meza ya jirani akaleta ushauri. Mwishowe Deo akakisukuma kizibo ndani kwa kijiti cha kulia, mvinyo ukaruka ukampiga shati, na kizibo kikabaki kinaelea humo kama chura. Nikamimina katika vikombe vya chai. Nikaonja mimi kwanza, wazi, wote wanaona. Kisha Mzee Liang akanyanyua kikombe kwa mikono miwili akanywa chote kwa mkupuo, ndivyo wanavyofanya, nami ndani ya roho yangu nikapiga kigelegele.

Akataka kingine, safari hii kwa kula. Tukaujaribu kwa vyote vilivyokuwa mezani. Miguu ya kuku, hapana kabisa. Keki ya figili, wala. Andazi la mvuke lenye nyama tamu ya kubanika ndani, ndiyo, sana, na vile vitafunio vya maharage mekundu pia. Kisha mzee akasukuma mbele yangu kisahani chake cha kitoweo cha uji, chenye kipande cha kitu cha rangi ya kijivujivu, laini, kinachonuka kama soksi. Ni maziwa ya maharage ya soya yaliyogandishwa yakavundikwa kwa chumvi. Nikachota kidogo kwa ncha ya kijiti, nikashushia mvinyo. Ilikuwa jibini ya Mama Eleni. Ile ile, chumvi yake, harufu yake, na mvinyo ukaipokea kama ndugu. Maduka matatu wameniambia meiyou, na kitu chenyewe wanakula na uji kila asubuhi.

Chupa ikabaki nusu, na haina kizibo. Nikasema siwezi kusafiri nayo hivyo. Mzee Liang akafikiri, akaifungua themosi yake, akaimwaga chai yake kwenye chungu cha maua, akaisuuza kwa maji ya moto mara mbili, akaumimina mvinyo wote humo, akakaza kifuniko kwa nguvu. Akanipa kwa mikono miwili.

"Ya baba yake Deo," akasema Jia. "Anasema wanywe chombo kimoja."

Bukoba

Nilivyorudi na themosi ile si habari ya leo. Itoshe kusema begi lilichelewa tena.

Kaka alikuwa ananisubiri sebuleni, amevaa kanzu, uso wa kikao. Sikumwachia nafasi ya kuuliza. Nikapanga mezani ndizi gonja za kuchoma na senene waliobaki nyumbani, nikafungua themosi nikammiminia.

"Chai ya wapi hii?"

"Kunywa kwanza."

Akanywa. Akachukua senene, akanywa tena, akalegeza mabega. Mvinyo ulikuwa umeshika harufu ya chai kwa mbali, na haukuharibika, ulikuwa mtamu zaidi. Akanyoosha kikombe nikaongeza. Ndipo akakumbuka hasira yake.

"Haya, sema. Walikunywa, au kimerudi kitu?"

"Kimerudi," nikasema. "Ndicho unachokinywa."

Mkono wake ukasimama. Nikamweleza yote bila kuruka: nusu, na kwa nini nusu, na yule mzee alivyoniuliza nani atampeleka mwanawe hospitali, na kwamba themosi hiyo ni yake mwenyewe, aliimwaga chai yake mbele yangu. Kaka aliichukua akaigeuza mkononi, akapitisha kidole pale ilipobonyea. Kisha akanywa kile kilichobaki kikombeni, akafuta mdomo.

"Chombo cha mkwe hakirudishwi kitupu," alisema.

Ndiyo maana nimeandika haraka kabla hamjaanza kunipigia tena. Amekwisha amua kwamba themosi irudi Xintang imejazwa rubisi, na kwamba nitaipeleka mimi. Nimemwambia rubisi hupasuka ndani ya ndege. Ananijibu kwamba themosi ni ya chuma.